Mteja anataka kadi kwanza, mimi nataka pesa kwanza

Swali: "Habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Nauza Toyota IST yangu, namba D, na nimepata mteja kupitia dalali. Bei ni milioni 13 na nusu. Mteja anatoka Singida, atakuja Ijumaa jioni aone gari, alipe na aondoke nalo. Nina shida tatu. Kwanza, anasema hawezi kulipa mpaka kadi ya gari ibadilishwe jina, na mimi siwezi kubadilisha jina kabla sijaona pesa. Pili, dalali anasema pesa ipitie kwenye akaunti yake halafu aniingizie changu, na ameniomba mteja akifika nisitaje bei kabisa, niseme tu kwamba dalali ni shemeji yangu. Haya yote naambiwa na dalali, mteja mwenyewe bado sijaongea naye. Tatu, kadi bado ina jina la aliyeniuzia mwaka 2021. Yuko Morogoro, tunaelewana, na mkataba wetu ninao. Shoga yangu ananiambia niachane na habari za benki nichukue keshi, ndiyo pesa isiyo na maneno. Nifanyeje?"

Jibu:

Mwalimu, pole kwa mkanganyiko, na hongera kwa kuuliza kabla ya Ijumaa. Kwenye dawati letu la benki wengi huja Jumatatu, wakati gari limeshaondoka au pesa imeshaondoka.

Naona kinachokuumiza kichwa ni nani atangulie, wewe au mteja. Hilo lina jibu na nitalifikia. Lakini lililonishtua mimi ni lile la pili, ulilolitaja kama jambo dogo: usitaje bei, sema dalali ni shemeji yako. Tuanzie hapo.

Dalali akikuomba hivyo, kuna maelezo mawili. La kwanza ni la kawaida na halina ubaya mkubwa: ameweka cha juu. Wewe amekwambia 13.5, mteja amemwambia 14.5, na hataki ile milioni ya katikati ijulikane. Ndiyo biashara yake, tumeizoea. Maelezo ya pili ni wizi wa aina moja ambao umeshawaliza wauzaji na wanunuzi wengi, na unaendeshwa hivi.

Mtu anaona tangazo la gari lako mtandaoni. Anachukua picha zako, anaweka tangazo lake mwenyewe kwa bei ya kuvutia, tuseme milioni 11. Kwako anajitambulisha kama dalali mwenye mteja wa uhakika, wala hasumbui kwenye bei, kila unachotaja anasema sawa. Kwa mnunuzi anajitambulisha kama mwenye gari: "Gari liko Dodoma kwa shemeji yangu mwalimu, mimi niko Mwanza kikazi. Nenda kalione, liwashe, lizungushe. Ila habari za pesa usiongee naye, tuna mambo yetu ya kifamilia, malizana na mimi." Kwako anasema: "Anayekuja ni kijana wa bosi wangu, usimtajie bei." Mnakutana watu wawili waaminifu kabisa. Mnafungua boneti, mnasikiliza injini, mnacheka, na kila mmoja anaficha neno lile moja ambalo lingewaokoa wote wawili. Mnunuzi anaridhika, anasogea pembeni, anatuma milioni 11 kwenye akaunti aliyopewa. Wewe unasubiri zako. Nusu saa baadaye simu ya "dalali" haipatikani. Mnunuzi kashika mlango wa gari anasema nimeshalipa, wewe umeshika funguo unasema hujanilipa, na wote mnasema kweli.

Sisemi dalali wako ni mwizi. Ninachosema ni kwamba kwa pale ulipokaa, dalali wa cha juu na mwizi wa namna hii wanaongea maneno yale yale, huwezi kuwatofautisha kwa kumsikiliza. Angalia na hili: kila unachokijua kuhusu mteja, kuanzia anakotoka mpaka masharti yake, umekipata kwenye mdomo mmoja. Hata lile la "hawezi kulipa mpaka kadi ibadilishwe" hujui kama mteja amelisema kweli.

Bahati nzuri dawa ni moja kwa hali zote mbili. Mwambie dalali: "Kaka, cha juu chako sikigombei, ila mteja ataongea bei na mimi, na pesa ya gari itaingia kwenye akaunti yangu. Chako nitakukatia siku hiyo hiyo, na tutaandikishana." Dalali wa kweli atanung'unika kidogo, kisha atakubali, kwa sababu analipwa. Mwizi atakuwa na sababu kumi za kukataa, na baada ya siku mbili hutamsikia tena. Mteja akifika, kabla hata ya kufungua boneti, muulize mbele ya dalali: umeambiwa gari ni shilingi ngapi, umeambiwa mimi ni nani, na unatarajia kumlipa nani? Mkianza na maswali hayo, mtego wenyewe hauna pa kusimama.

Sasa nije kwenye kadi, kwa sababu malipo hayawezi kunyooka kama kadi haijanyooka. Kanuni ninayoitumia ni hii: jina la kwenye kadi, jina la kwenye kitambulisho cha Taifa na jina la akaunti inayopokea pesa yawe ya mtu mmoja. Yakiwa matatu tofauti, mnunuzi ana haki ya kusita, na ukweli ni kwamba mteja wako wa Singida, kama yupo, akisita kwako hana kosa. Kadi inasema gari ni la mtu wa Morogoro, wewe unasema ni lako, dalali anasema alipwe yeye. Hapo hata mimi nisingetoa shilingi.

Watu wengi wanaamini mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili unatosha, kadi itabadilishwa "mbele ya safari". Mkataba una nguvu kati yako na aliyekuuzia, sikatai. Lakini kwenye kumbukumbu za TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, gari bado ni la yule bwana, na mwenye jina kwenye kadi ndiye anayechukuliwa kuwa mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Fikiria akifariki kesho. Gari litaingizwa kwenye mirathi, na utalazimika kwenda kumthibitishia msimamizi wa mirathi, pengine na ndugu wenye hasira, kwamba ulilinunua. Akiwa na deni na wadai wake wakaanza kutafuta mali, la kwanza kuonekana ni lile lenye jina lake. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inabeba kanuni ya zamani kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake haki kubwa kuliko aliyonayo yeye. Mashaka yaliyo kwenye umiliki wako yatamfuata atakayenunua kwako.

Kwa hiyo una njia tatu. Iliyo safi ni kumpigia yule bwana sasa hivi, maadamu mnaelewana, mkamilishe uhamisho kutoka kwake kwenda kwako, kisha ndipo uuze. Ninyi wawili mtahitaji TIN, vitambulisho, mkataba wenu na kadi halisi. Utalipa kodi ya uhamisho, ushuru wa stempu na kadi mpya, halafu mteja wako naye atalipa vyake akihamishia kwake. Inauma kulipia, najua, lakini unanunua utulivu na bei nzuri. Njia ya pili, ambayo ndiyo watu wanaifanya sana, ni yule bwana kusaini moja kwa moja na mnunuzi kana kwamba amemuuzia yeye. Inaokoa gharama, ila mkataba utakuwa unasema jambo ambalo halikutokea: utasema yeye amepokea milioni 13 na nusu wakati pesa umepokea wewe. Siku mambo yakiharibika, yeye anadaiwa pesa asiyoiona, na wewe huonekani popote. Siipendi. Ya tatu ni kuuza hivyo hivyo, mnunuzi ahangaike mwenyewe. Hapo utaliuza kwa bei ya kutupa, na mnunuzi makini hataigusa.

Kama yule bwana hawezi kusafiri kutoka Morogoro, nenda kwa wakili muulizane kuhusu hati ya uwakilishi, yaani yeye asaini mbele ya wakili huko kumruhusu mtu hapa ashughulikie uhamisho kwa niaba yake. Na wakili naye mhakiki. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili ambao unaonyesha kama mtu ni wakili na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa wakati huo. Muhuri unachongwa hata chini ya mwembe.

Tukishamaliza hapo, ndipo swali lako la kwanza linakuwa jepesi. Nani atangulie? Asitangulie mtu. Hofu yako na hofu ya mteja zote ni za haki, na ukimlazimisha mmoja ameze hofu yake, utapata mteja anayekimbia au utakuwa wewe unayelia. Kinachofanyika ni kupunguza muda ulioko kati ya pesa kuingia na karatasi kutoka, uwe dakika badala ya siku, na dakika hizo mzipitishe mahali pamoja.

Mimi ningepanga hivi. Asubuhi ya siku ya kazi mnaanzia kwa wakili. Mkataba unaandikwa, mnasaini na mashahidi wenu, na karatasi zote za uhamisho zinawekwa tayari. Nakala zilizosainiwa na kadi halisi zinabaki mezani kwa wakili, hakuna anayeondoka nazo. Kisha mnaongozana mpaka benki. Mteja analipa, wewe unathibitisha salio lako hapo hapo kwa karani, si kwa meseji. Ukishaona imeingia, mnampigia wakili, anaachia karatasi, mteja anapewa kadi na funguo, na uhamisho unaingizwa TRA siku hiyo hiyo. Wakili ashike karatasi, si pesa. Baadhi yao wanakubali kushika na pesa, na wengi ni waaminifu, lakini kwa biashara ya milioni 13 sioni sababu ya kuongeza mfuko wa tatu.

Mteja akiendelea kuhofia kwamba utapokea pesa kisha usimalizie uhamisho, kuna la kumtuliza: abakize kiasi kidogo, tuseme laki tano, kiandikwe kwenye mkataba kwamba atalipa siku kadi ikitoka na jina lake. Wewe laki tano inakupa sababu ya kufuatilia, yeye inampa usingizi. Kinyume chake, mteja akitaka uanze kubadilisha jina bila hata senti, kataa. Kadi ikishasoma jina lake, gari ni lake kwenye vitabu, na wewe umebaki na ahadi.

Kwenye mkataba andikeni bei ya kweli. Wapo watakaokushauri muandike milioni 5 ili ushuru wa stempu upungue. TRA wanaweza kukadiria thamani wenyewe, na kubwa zaidi ni hili: mkigombana, hakimu atasoma milioni 5, na ile nyingine mtaitafuta kwa midomo. Andikeni pia namba ya chesisi, namba ya injini, njia ya malipo, namba ya akaunti inayolipwa, pamoja na saa ya kukabidhiana gari. Saa usiidharau. Mteja akipigwa faini ya barabarani pale Manyoni saa kumi jioni na mkataba unasema umemkabidhi saa sita mchana, hiyo si yako.

Sasa njia za malipo, na hapa shoga yako ana nusu ya ukweli.

Keshi ni pesa isiyo na maneno pale tu inapohesabiwa na mashine ya benki na kuingia kwenye akaunti yako mbele ya macho yako. Noti yetu kubwa ni ya 10,000, kwa hiyo milioni 13 na nusu ni noti 1,350, vibunda kumi na tatu na nusu vya noti mia mia. Utazihesabu wapi, kwenye kiti cha mbele cha IST? Noti bandia huwa hazijazi kibunda kizima. Zinapachikwa tano, kumi, katikati, mahali ambapo kidole kilichochoka hakifiki. Na hata zikiwa halali zote, Ijumaa jioni utalala nazo Nzuguni mpaka Jumamosi, huku dalali, mteja na kijana aliyekuja na mteja wote wanajua ulicho nacho ndani. Kama mteja ana keshi, sawa, lakini aibebe mwenyewe mpaka dirishani. Nenda na mkataba, maana benki inaweza kukuuliza pesa imetokana na nini, na hilo ni swali la kawaida, usikasirike. (Na ninyi mnaopanda treni ya SGR kwenda Dar kununua magari na begi la pesa mapajani, benki ziko kule pia.)

Kama akaunti zenu ziko benki moja, hamisho la ndani ndilo jepesi kuliko yote: linaingia papo hapo na karani anaona pande zote mbili. Kama benki ni tofauti, kwa kiasi kama chako naipenda TISS. Huo ni mfumo wa Benki Kuu uliopo tangu 2004, ambapo kila malipo yanakamilishwa peke yake papo hapo badala ya kusubiri kujumlishwa na mengine. Yakishakamilika mtumaji hawezi kuyarudisha kwa kubadili mawazo. Mteja anajaza fomu kwenye benki yake, analipa gharama ambayo ni ndogo sana mbele ya bei ya gari, na mnasubiri iingie. Wakati mwingine ni dakika chache, wakati mwingine foleni ya ndani ya benki inachukua muda mrefu zaidi. Subirini. Fomu yenye muhuri wa benki inaonyesha kwamba maombi yamepokelewa, haionyeshi kwamba pesa imefika kwako.

Hundi usipokee. Ya benki moja kwenda nyingine haivuki shilingi milioni 10 kwa taratibu zetu, hivyo kwa bei yako ingebidi ziwe mbili. Ukiiweka, salio linaweza kuonekana limepanda kabla hundi haijapita, kisha ikarudi na salio likashuka. Wakati huo gari liko Singida.

Pesa za simu zinafaa kwa arabuni, yaani malipo ya awali ya kushikia gari, kwa chenji na kwa kumlipa dalali. Kwa bei nzima ya gari sizipendi. Kwanza zina ukomo wa kiasi, hivyo mtaanza kukata vipande vipande na kupotezana hesabu. Pili, mtumaji anaweza kupiga huduma kwa wateja na kudai amekosea namba, na mtandao ukazuia kiasi hicho kwanza wakati wanachunguza. Utashinda, kwa kuwa una mkataba, lakini utashinda baada ya kusumbuka.

Njia yoyote mtakayotumia, kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, meseji si pesa. Meseji ya "umepokea" inaweza kuandikwa na mtu yeyote, na picha ya muamala inatengenezwa kwenye simu kwa muda wa kunywa chai. Mwizi hutegemea haraka yako: anakuonyesha skrinshoti, anakwambia "mtandao wa benki yenu unasumbua leo, itaingia tu", huku tayari ameshika funguo. Fungua programu ya benki yako mwenyewe, au piga menyu ya benki yako, uangalie salio. Salio halijapanda, hujalipwa, hata kama mteja anaapa kwa mama yake.

La pili, angalia nani amelipa. Pesa itoke kwenye akaunti ya yule yule aliyesaini mkataba. Ikitoka kwa kampuni usiyoijua au kwa jina la mtu mwingine, simamisha, uliza, na kama kuna maelezo ya kweli yaandikwe kwenye mkataba na mlipaji asaini. Ikigundulika baadaye kwamba hiyo pesa ilichotwa kwenye akaunti ya mtu, akaunti yako inaweza kuzuiwa, na utakuwa huna gari wala uwezo wa kugusa pesa. Ndugu wa karibu wa mchezo huo ni mteja anayelipa zaidi. Utapata ujumbe wa milioni 15, kisha simu ya haraka: "Samahani mwalimu, nimezidisha, nirushie ile moja na nusu." Usirushe. Kama kweli imeingia, irudi kupitia benki, kwenye akaunti ile ile iliyotoka. Mara nyingi utakuta haikuingia hata moja.

Hivyo Ijumaa jioni haifai. Mteja anakuja benki zimefunga, hakuna wa kuthibitisha TISS, wakili yuko njiani kwenda nyumbani, TRA wamefunga, na giza linaingia. Mteja wa kweli mwambie aje Alhamisi alale, mmalize Ijumaa asubuhi, au aje Jumatatu. Akitaka kuliona gari Ijumaa, alione. Akitaka kulijaribu, kaa naye ndani na usimpe funguo akaondoka peke yake. Akitaka uhakika kwamba hutamuuzia mwingine, aache arabuni kidogo, na muandikishane itarudi kwa masharti gani na itapotea kwa masharti gani. Kwa anayenunua naongeza: usitoe arabuni ya kiasi ambacho kikipotea kitakutoa machozi, na kamwe usitoe kabla hujaliona gari na kadi yake.

Na kwa kuwa wasomaji wengine mko upande wa mteja, niseme na yenu kwa ufupi. Kadi halisi mkononi haimaanishi gari halina deni. Mikopo ya kuweka kadi ya gari imejaa kila mtaa wa Dodoma. Kuna mtu anaacha kadi kwa mkopeshaji, kisha anakwenda polisi kuripoti imepotea, anapata kadi nyingine, na hiyo ndiyo anayokuonyesha wewe. Ukiambiwa kadi ni nakala iliyotolewa upya baada ya kupotea, uliza mara mbili. Kama kadi ina jina la benki pamoja na la mwenye gari, benki hiyo lazima iandike kwamba haidai, na njia salama ni kulipa deni moja kwa moja benki kisha salio limwendee muuzaji. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. IST ya toleo la kwanza kwa kawaida huanza na NCP60 kwa injini ndogo au NCP61 kwa ile ya cc 1,500, na kama chuma kinachozunguka namba kimekwaruzwa au kimepigwa rangi mpya kuliko jirani yake, ondoka. Kwa kutumia namba ya gari angalia faini kwenye mfumo wa trafiki wa polisi, madeni ya maegesho kwenye mfumo wa TARURA, na bima kwenye mfumo wa TIRA. Yote yanafanyika kwa simu. Ada za TRA zilipwe kwa namba ya malipo ya serikali tu, kamwe si kwa simu ya "kijana wetu wa pale TRA".

Mwalimu, baada ya kukabidhi gari usikae. Piga picha ya mkataba, kadi, kitambulisho cha mteja na gari lenyewe likiwa na yeye. Fuatilia uhamisho mpaka uone umekamilika. Mpaka hapo, gari likigonga mtu Itigi, simu ya polisi inaweza kuja kwako au kwa yule bwana wa Morogoro.

Kuna hali ambazo ushauri wa kuandikiana hautoshi, uende kwa wakili ana kwa ana kabla hujapokea hata arabuni: mwenye jina kwenye kadi amefariki, gari ni la kampuni, lina mkopo, au wewe na mwenzi wako hamjakubaliana kuliuza. Na ikitokea pesa imeshakwenda kwa mtu asiyehusika, iwe yako au ya mteja wako, usipoteze saa nzima ukimpigia mwizi simu na kumbembeleza. Kimbilia tawi la benki iliyotuma, au huduma kwa wateja ya mtandao wa simu, uombe wazuie pesa hiyo ikiwa bado iko kwenye akaunti aliyotumiwa. Hapo ndipo dakika zinapohesabika, kwa sababu wao huitoa haraka. Kisha nenda kituo cha polisi ufungue taarifa na uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, maana benki na mtandao wataihitaji kuendelea. Namba ya simu iliyokutapeli itume 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Meseji zote, hata zile za matusi, usizifute.